Vendel Kerčmar (1953–2025), Mkulima Aliyejulikana na Paa

Vendel Kerčmar, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1953 katika kijiji cha Brezov Dol, kwenye vilima vya Goričko, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Ludvik na Mama Etelka. Kwenye kalenda ya ukutani ilikuwa siku ya Vendelin, mlinzi wa wachungaji, kwa hiyo jina halikutafutwa mbali.

Alisoma miaka minane katika shule ya kijiji, akamaliza mwaka 1968. Mwalimu wake aliwahi kumwambia Mama Etelka kwamba kijana anajua hesabu vizuri mpaka trekta lipite nje, hapo hajui tena hata jina lake.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika shamba la umma, kwanza kupaka matrekta grisi, baadaye kuyaendesha. Alitumikia jeshi mjini Niš mwaka 1973 hadi 1974, kisha akarudi kwenye usukani uleule. Shamba la umma lilipovunjwa alinunua trekta mojawapo la zamani, akalima ardhi ya baba yake: mahindi, maboga ya kukamulia mafuta, na klova, majani ya kulishia ng'ombe, kule mtelemkoni.

Tarehe 13 Mei 1978 alimwoa Jolanka Gomboc katika kanisa letu la Kilutheri. Hawakujaliwa watoto. Walifanya kazi pamoja, Vendel mbele kwenye usukani na Jolanka nyuma juu ya mashine ya kupandia, wakijibizana kwa sauti za kuishinda injini. Paa waliokuwa wakila pembeni waliwazoea hata wakaacha kuinua vichwa. Jolanka aliwaita wapangaji wasiolipa kodi.

Jolanka alifariki tarehe 19 Januari 2010. Baada ya hapo nyumba ilipoa. Majirani wanakumbuka kwamba majira yale ya baridi Vendel aliwasha trekta uani bila kazi yoyote, akakaa juu yake akilisikiliza, kisha akalizima na kuingia ndani.

Aliyelisikia zaidi ni Karel Banfi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta na mwindaji tangu ujana. Siku moja ya Ijumaa Karel alimshika mkono akampeleka kwenye kibanda cha wawindaji, ambako kila wiki hupikwa mchuzi wa nyama tatu katika chungu kimoja. Vendel alikula, akasikiliza mizaha mpaka moto ukafa. Wiki iliyofuata alifika bila kuitwa. Katika majira ya kuchipua, akiwa na miaka hamsini na sita, aliomba kuwa mwanagenzi wa chama cha wawindaji, na Karel akawa mlezi wake.

Kanuni ya chama ilijulikana na wote. Mwanagenzi ana misimu miwili ya kumpata paa dume mbele ya mlezi wake. Ikipita bila kumpata, jina lake hufutwa, na mezani pa Ijumaa hana kiti. Kwa wengine kanuni hiyo ilikuwa desturi tu. Kwa Vendel, kukosa kiti kulikuwa kurudi kwenye lile trekta la uani.

Alijifunza kwa bidii. Alijua kuusoma upepo na kuweka kisigino chini kabla ya kidole. Kulenga hakukumsumbua. Lakini hakuna paa aliyemruhusu kukaribia. Alitambaa kwa viwiko katikati ya maboga, alijificha nyuma ya mahindi, akapaka matope usoni. Kila mara dume alibweka kwa hasira na kutokomea, kitako cheupe kikipanda na kushuka. Kesho yake, Vendel akigeuza majani makavu kwa trekta, dume yuleyule alisimama karibu naye akitafuna klova.

Alimlalamikia Karel kwamba jana mnyama alimkimbia kama mwenye ukoma, na leo hakumjali hata kidogo.

"Kwenye trekta anamwona Vendel," Karel alimjibu. "Kwenye maboga anaona mtu ananyata kama mwizi wa kuku. Hata mimi ningekimbia, jirani."

Kibandani hawakuacha kumtania. Mwenyekiti, Bwana Evgen Škerlak, alimshauri apeleke trekta likafanye mtihani, yeye abaki nyumbani. Vendel alicheka pamoja nao. Ila Karel aliona kwamba hakumaliza chakula chake.

Msimu wa pili ulikaribia kwisha, Oktoba 2011, akiwa bado mikono mitupu. Katika wiki ya mwisho, alasiri, Vendel alimgongea Karel akiwa amevaa koti lake la kazi, jembe begani, bunduki ikining'inia ubavuni. Alimpa Karel ndoo, akamwambia amfuate kama mtu anayekwenda kuokota maboga yaliyosahaulika. Wakashika njia ya trekta, wima, Vendel akikohoa na kulaumu bei ya mbegu kwa sauti yake ya kila siku.

Dume alikuwa kwenye klova, mtelemko ukiwa nyuma yake. Aliinua kichwa. Alimtazama Vendel, akainama akaendelea kula. Vendel alisimamisha jembe, akaegemeza bunduki juu ya mpini, akapiga mara moja. Mnyama alianguka palepale alipokuwa.

Karel alivunja vitawi viwili vya mwaloni. Kimoja alikiweka kinywani mwa paa, tonge lake la mwisho, na kingine akampa Vendel akichomeke kwenye kofia kama ilivyo desturi. Vendel alivua kofia, akakaa chini kando ya mnyama, kitawi mkononi.

"Alinijua," alisema.

"Ndiyo maana ukampata."

"Ndiyo. Na ndiyo maana sitampata mwingine hivi."

Ijumaa ile alilazwa juu ya benchi, akachapwa fimbo tatu za ubatizo wa wawindaji, na chungu kikaliwa mpaka chini. Kiti kilikuwa chake. Tangu siku hiyo hakubeba bunduki akiwa na nguo za kazi. Akienda kuwinda aliacha jembe na trekta nyumbani, akanyata kwenye maboga kama mgeni, na mara nyingi alirudi bila kitu. Bwana Evgen alipenda kusema kwamba Vendel ndiye mwindaji pekee anayeombewa maisha marefu na paa wenyewe. Vendel alijibu kwa upole kwamba nao wana haki ya kujua ni nani amekuja. Kila Juni, kabla ya kukata majani, alitembea shambani kuwatoa watoto wa paa waliolala humo. Kazi hiyo aliifanya akiwa na koti la kazi.

Mwezi Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa katika hospitali ya mkoa, kisha akaomba kurudi nyumbani, ambako dada yake Irma na mpwa wake Geza walimhudumia. Kitanda kiliwekwa dirishani, upande wa klova. Siku moja alimwambia Geza asikodi gari jeusi la mazishi.

"Lile halina mlio, litawashtua paa. Nipeleke na trekta."

Geza alimuuliza kuhusu wawindaji, kwa kuwa wao humuaga mwenzao kwa kupiga bunduki hewani.

"Baragumu linatosha, mwanangu. Waambie bunduki wakaziache. Siku hiyo nitakuwa kwenye trekta."

Alifariki nyumbani alfajiri ya Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025.

Marehemu ameacha dada yake, Irma. Mpwa wake Geza, mkewe Marta na binti zao Tinka na Zala. Jirani na mlezi wake, Karel Banfi. Na wenzake wa meza ya Ijumaa, ambao wamekubali kuja bila bunduki, kila mmoja na kitawi chake cha mwaloni.

Karel ataendesha trekta. Jeneza litapita njia ya shambani, kando ya klova, hadi makaburini. Wote wanaosindikiza wanaombwa watembee wima na wazungumze kama kawaida. Asinyate mtu.

Alale kando ya Jolanka, kwenye udongo unaomjua.