Uji wa Kifungoni Ulinirudishia Akili

Ndugu zangu, sifa zote ziende kwa Bwana aliyeniwezesha kuwatambua mmoja mmoja asubuhi hii! Herufi nilifundishwa na mwalimu wa kanisa hili nikiwa na mvi tayari, na haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Yakipinda, yaacheni yapinde. Nitasema nimesimama, maana nikikaa tumbo linanibana.

Watu wa Mtumba mnanijua. Sikurithi hata mbuzi. Nilichunga ng'ombe wa watu mpaka nikapata wangu, na reli ilipokuja nikawauzia nyama watu wa kambi. Hakuna aliyenishika mkono. Nilipopata, nilikula nyama na kunywa pombe ya uwele kama mtu anayelipiza kisasi cha njaa ya utotoni.

Halafu tumbo likavimba. Mikono ikakonda, tumbo likakua, mishipa ikatokeza kuzunguka kitovu, minene, imejisokota. Siku moja nikatapika damu nyeusi. Watu wakasema nina nyoka tumboni. Mganga akaitwa, akasema nyoka hao amewatia mke wangu mdogo, Mbeleje, maana ugonjwa ulianza baada ya kumwoa. Akaagiza achinjwe ng'ombe mweusi, nami nile nyama yake nishibe.

Nikala nikashiba. Kesho yake akili ikaondoka. Mchana nalala kama maiti, usiku nazunguka zizi. Nikinyoosha mikono inapigapiga kama mabawa ya kuku aliyechinjwa. Nikasahau majina ya ng'ombe wangu, na ninyi mnajua kwetu mtu asiyejua majina ya ng'ombe wake ni mtu gani. Mganga akasema nyoka wamekasirika, achinjwe mwingine. Chinja, kula, potea. Chinja, kula, potea. Mwisho wazee wa ukoo wakakata shauri: baada ya mavuno Mbeleje anywe mwavi, ile dawa ambayo mwenye hatia akinywa hufa. Nami nimewaona wasio na hatia wakifa nayo.

Mavuno hayajafika, akida akaniita bomani kwa shauri la ng'ombe. Jana yake nilikuwa nimekula nyama. Naambiwa niliingia, nikaketi kwenye kiti cha Bwana Shauri, mzungu mkuu wa boma, nikamwagiza aniletee pombe. Mimi sikumbuki, nimesimuliwa na waliocheka. Kiboko kilinikosa kwa sababu askari alinivua shuka, akaliona hili tumbo, akarudi nyuma. Nikafungwa.

Ndugu zangu, kifungoni kulikuwa na uji wa uwele asubuhi na uji jioni, na majani yakipatikana. Nyama hakuna, pombe hakuna. Mwenzangu humo alikuwa Salimu, mchuuzi wa Kondoa, Mwislamu, mtu wa mizaha. Mimi nilikuwa namwita kwa jina la kaka yangu aliyekufa zamani, naye anaitika tu. Asubuhi moja nikamwambia, "Salimu, sogea, umekalia shuka yangu."

Akanitazama sana. "Alhamdulillahi, mzee wangu. Leo nimefufuka."

Tukacheka. Kisha akaniuliza ni mganga gani ameniagua humo ndani. Nikasema hakuna. Akauliza nimekunywa dawa gani. Nikatazama kibuyu cha uji. Nikamwambia, ni hiki tu.

Ndipo nikamkumbuka Mbeleje. Mavuno! Nikaanza kutembea, ukuta hadi ukuta, mpaka Salimu akalalamika namtia kizunguzungu. Mwalimu wa kanisa alikuwa akija kuwaombea wafungwa, nami nilizoea kumfukuza. Siku ile nilimshika kanzu. Nikamwambia amwombe Mungu wake nifike nyumbani kabla mke wangu hajanyweshwa. Akaomba. Akatoka hapo akaenda kwa Bwana Shauri kumweleza kwamba mimi ni mgonjwa, si mtukutu, nikafunguliwa.

Nilifika nikihema. Watu wamekusanyika, chungu cha mwavi kipo, Mbeleje ameketi chini. Ndugu yangu Chilewa akaniletea ubavu wa kuchoma. Nikasema sili. Watu wakaguna, maana kukataa nyama ya zizi lako mwenyewe ni kuwatukana wageni. Nikawaeleza habari ya uji.

Mganga akasema akili imerudi kwa sababu nilikuwa mbali na mwanamke huyu. Neno lake liliingia. Hata mimi liliniyumbisha.

Nikasema, "Basi anipikie yeye peke yake. Ugali na mlenda mpaka mvua. Nikipotea, mwavi upo. Nisipopotea, umwageni."

Mbeleje akainua macho. "Na ukitoroka kwenda kula nyama kwa rafiki zako, nitakufa mimi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliapa kwa Mungu wa yule mwalimu.

Hapakuwa na raha tena. Harufu ya nyama ya jirani ilinifuata kama mdai. Kila alfajiri nilisimama zizini nikataja majina ya ng'ombe kwa sauti, Mbeleje mlangoni anasikiliza. Nikikwama jina moja, anashika mwimo wa mlango. Mvua ya kwanza ikanyesha, ningali nayataja yote. Chilewa mwenyewe akakipiga chungu teke. Bwana ni mwema!

Baadaye daktari wa misheni alinipapasa, akasema ini limekauka. Damu ikifika hapo inazuiwa, basi inatafuta njia za pembeni, kama maji ya korongo lililozibwa. Hao ndio nyoka wangu. Uchafu wa nyama unapita njia hizo bila kusafishwa, unapanda kichwani. Alisema kwao wataalamu waliliona jambo hili kwa mbwa. Nikamwambia mimi si mbwa, lakini nimemwelewa. Alitoboa tumbo akatoa maji. Yamerudi. Kupona kabisa hakuniahidi, na usingizi wangu bado ni wa mang'amung'amu.

Nilibatizwa hapa Buigiri, naye Mbeleje. Yule pale, upande wa kina mama.

Ndugu zangu, wewe uliye na mgonjwa nyumbani na umeshamchagua mwanamke wa kulaumiwa, njoo kwanza kwa Bwana. Alinitafuta nikiwa sijui hata jina langu. Mtegemee! Na siku mtakaposikia nimeanza kuyakosea majina ya ng'ombe, msichinje kitu. Mwiteni Mbeleje alete mlenda, nanyi mniombee.