Wamezungumza Kindugu

Redio ya tuktuk iliyokuwa ikitoka Bofa kwenda sokoni Kilifi ilitangaza kwamba mawaziri wa nchi mbili wamekutana tena juu ya mpaka, na kwamba wamezungumza kindugu.

"Kindugu!" alifoka mzee aliyekaa kushoto kwa Sahla. "Leo siku ya tisa machungwa yangu ya Tanga yaozea mpakani, na wao wazungumza kindugu!"

"Na yaoze, baba," alijibu mama wa kulia, mkulima wa Kaloleni. "Tangu yako yazuiliwe, yangu yapata wanunuzi."

Sahla, aliyebanwa katikati kama mpaka wenyewe, alitamani kushuka, ila soko lilikuwa bado mbali.

"Mama, wale ni ndugu zetu! Babu yangu kazikwa Tanga."

"Sikatai. Mimi na ndugu zangu twagombania shamba la baba, mwaka wa kumi na mbili huu. Kwa chifu twazungumza kindugu, kisha kila mtu hurudi shambani na panga lake."

Tuktuk ikasimama sokoni. Mama akashuka na kikapu chake, akamgeukia mzee kwa upole.

"Haya, kwaheri, ndugu yangu."

"Tafadhali, mama," alisema mzee. "Tusitukanane."