Siku Niliyomwacha Olinga Uwanjani

Josphat, sukuma huo mlango ufunge, kisha ukae chini. Nawe Roselida mwanangu, acha kulia, sogea hapa kitandani nikuone uso. Nimesikia ulivyomnong'oneza kaka yako jikoni, kwamba ndege ya Jumanne hutaipanda kwa kuwa baba yako anakata roho, na kwamba tiketi ikae tu, watu wa ndege wakiona hujafika wataelewa wenyewe. Sikio la mgonjwa halilali. Maneno hayo ndiyo yamenitoa jasho hili, wala si homa, na kabla pumzi haijaniishia nataka mnisikilize, maana siwaachii ng'ombe na shamba peke yake. Nawaachia na dhambi, na dhambi ya mzee isipotamkwa hurithiwa kama shamba.

Mnajua kwamba mwaka wa sabini na tano, Mwaka Mtakatifu, parokia ilituchagua makatekista wawili, mimi na Olinga mume wa Zilpa, twende kuhiji Roma. Tiketi zetu zilikatwa na mapadre wa upande wa Tororo, kwa hiyo tulikuwa tuondokee Entebbe. Olinga alinyoa ndevu mara mbili asubuhi ile, akaazima viatu vya Callistus, yule dereva wa lori, vikambana hadi akawa anatembea kama kuku juu ya majivu ya moto, na bado anacheka. Tukavuka Malaba kwa miguu. Siku zile kuvuka ng'ambo ilikuwa ni kuingia mdomoni mwa mamba ukiomba asifunge, lakini tulijipa moyo kwamba nani atamgusa mtu anayekwenda kusali.

Uwanjani tulitoa mizigo, ikapimwa, ikafungwa vikaratasi vya majina yetu, ikaenda. Tukapewa kadi za kupandia, tukaketi kungoja. Ndipo wakaingia wanaume watatu waliovaa kiraia, wakalitaja jina la mfanyabiashara wa kahawa aliyeketi kando yangu. Hawakumpiga, wanangu, na hilo ndilo lililoniua moyo. Walimshika mkono polepole kama anavyoshikwa bibi harusi, wakatoka naye, na kofia yake ikabaki kwenye kiti. Mimi nikaitazama ile kofia. Hakuna aliyeigusa.

Nikamwambia Olinga, "Naenda msalani."

Akanijibu, "Fanya haraka, Paulinus, ndege haingoji mkojo wa katekista."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Niliupita mlango wa msala, nikaupita mlango mkubwa, nikatoka juani, hakuna aliyenizuia, na kesho yake saa sita mchana nilikuwa Malaba. Sikumwambia mtu yeyote pale kaunta kwamba siendi. Ningesema tu, "Dada, nimeugua, futa jina langu, niteremshieni na mfuko wangu," wangenigombeza, wangelipiga mstari jina, na ndege ingemchukua Olinga salama.

Siku ya tatu Zilpa akaja hapa, akanisalimu, "Yoga, katekista. Mbona uko nyumbani?" Nikamwambia, "Mama, mimi nilichelewa ndege. Yeye alipanda." Wakati ule nilidhani kweli alipanda.

Wiki mbili baadaye Callistus akarudi na lori kutoka Kampala, akanivuta nyuma ya nyumba. Alikuwa amezungumza na mpagazi wa pale uwanjani. Jina langu liliitwa mara tatu kwenye kipaza sauti. Wakahesabu abiria, mmoja akakosekana, na tumboni mwa ndege mlikuwa na mfuko usio na mwenyewe. Basi wakawateremsha watu wote, wakaipanga mizigo chini juani, kila mtu akaonyesha wake, na wangu ukabaki. Askari wakaukata: rozari, mashati mawili, mkebe wa karanga. Wakalisoma jina langu kwenye kikaratasi, wakauliza, "Okwara ni nani? Nani yuko naye?" Olinga angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Aliinua mkono akasema, "Ni mwenzangu. Yuko msalani, anakuja sasa hivi." Wakamchukua yeye, na hakuonekana tena.

Callistus ajali ilimuua mwaka uliofuata, nikabaki mimi peke yangu na neno hili. Kwa nini sikusema? Niliogopa. Aliyeuliza habari za mtu aliyepotea alipotea naye, na mpaka uko hapo, ukipiga kelele wanakusikia. Gari likisimama mbele ya boma letu nilikimbilia kwenye mahindi. Ninyi mlidhani ni tumbo la kuhara. Na mimi nikijificha, wanawake wa soko la Amagoro walikuwa wakimcheka Zilpa kwamba mumewe ameoa Mzungu huko Roma. Posa ya binti yao Alaso ilivunjika kwa ajili ya maneno hayo hayo. Mwanamke hana matanga, hana kaburi, kila Jumapili anaanika koti la mumewe lisiliwe na nondo, na mimi nikatoka hapo kwenda kuwafundisha watoto amri ya nane, usiseme uongo.

Sasa serikali ile ya ng'ambo imeanguka, watu wanavuka kwenda kuwatafuta watu wao. Hofu ya askari imeniondoka, imebaki hofu ya macho ya Zilpa na ya huko ninakokwenda, na hizi mbili hazina mahindi ya kujifichia... Nipe maji.

Roselida, Jumanne panda. Lakini kama moyo utakataa, usikae tu nyumbani. Nenda ofisi yao Nairobi mapema, sema kwa kinywa chako, "Siendi siku hiyo," uhakikishe jina limefutwa mbele ya macho yako, uwaombe siku nyingine. Usipotokea kimya kimya wataifuta na ile safari ya kurudi, na tiketi haiwezi kupandwa na mtu mwingine, ina jina lako kama ubatizo. Ukienda, wathibitishie siku tatu kabla. Ukichelewa njiani, piga simu. Na ukishatoa mzigo, mama, usiondoke hapo bila mzigo wako, hata ukiogopa namna gani. Kuogopa si kosa. Kosa ni kuogopa kimya, mwenzako akajibu kwa niaba yako.

Josphat, shamba la chini mtoni ni la Alaso. Usiseme ni zawadi. Useme baba alisema ni haki yake. Kisha uvuke na Zilpa mwende mkaulize kwenye magereza, na msipompata, mzikeni hata koti, apate matanga kama mtu.

Mnataka kuniitia padre... ngoja kwanza. Padre nitamwambia nini ambacho Mungu hakijui? Niitieni Zilpa. Leo, jua hili hili. Asiyasikie kwenye mazishi yangu, watu wakinisifu.

Sogezeni vichwa. Mkono umekuwa mzito... Roselida, nisaidie kuuinua. Mungu awape ulimi usiokauka mnapoogopa. Awape wenzenu kama Olinga, na ninyi... na ninyi muwe...

Josphat, mbona bado umesimama? Nenda, baba. Kimbia.