Vidole vya Maman Bulonza

"Laboratware haikuona mikrobe. Basi ni sumu ya wifi yangu," maman Bulonza alimwambia kijana aliyekaa naye ndani ya taksi iendayo mtaa wa Kasha, akimwonyesha vidole vilivyovimba. Nyuma yao, abiria mwingine, Lydie, alijifanya anasoma simu.

"Hapana, maman. Mimi niko nasoma udaktari. Ndani ya seli kuna mitokondria, zinaleta nguvu. Zikiharibika, vipande vinatoka, mwili unazania ni mikrobe, unawasha moto, vidole vinavimba."

"Mwili unapiga mutoto wake?"

"Inaweza kuwa hivyo."

"Inaweza! Familia iko inaningojea leo nimutaje wifi yangu Carine kuwa ndiye alinipa sumu."

Taksi ilisimama. Mwanamke alinyoosha mkono mlangoni. "Karibu, wifi. Shuka polepole."

Maman Bulonza aliutazama mkono ule. Lydie alisahau simu. Hata dereva hakumhimiza ashuke.