Kadi Iliyoandikwa USIFUTE: Maisha ya Kaka Yetu, Bwana Kimya

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika, mimi ni dada yake marehemu, mdogo wake wa pekee, na familia imeniomba niwasomee maisha yake kwa kuwa ndiye niliyekaa naye siku zake za mwisho. Nitasoma kama nilivyoandika, na mkiona sauti yangu imekauka mniwie radhi, tangu Jumanne sijalia wala sijahisi kitu, nimekaa kama mtu aliyepigwa sindano ya ganzi.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Aprili 1963, katika hospitali ya wilaya, mtoto wa kwanza wa baba yetu fundi saa na mama yetu mkunga. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo cha reli kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1980, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, alikopata cheti cha ufundi wa redio mwaka 1983, ingawa kabla ya cheti hicho alishaifungua redio ya baba mara tatu na kuirudisha huku skrubu mbili zikibaki mezani, jambo ambalo baba alilisimulia mpaka anaingia kaburini.

Tarehe 4 Februari 1985 aliajiriwa na kituo cha televisheni kama msaidizi wa sauti, mwaka 1990 akakabidhiwa kamera, na mwaka 2007 akaacha kazi kwa hiari yake na kufungua studio katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Wengi mnamjua kama Bwana Kimya, kwa sababu kabla ya kazi yoyote alinyanyua mkono, akasema, "Kimya kidogo, jamani," kisha akarekodi dakika nzima ya chumba bila mtu kusema kitu, maana alishikilia kwamba kila chumba kina ukimya wake, na bila huo mhariri hana cha kuzibia mapengo ya sauti. Maharusi walingoja, wakubwa walingoja, na yupo bwana harusi hapa, simtaji, aliyepiga chafya sekunde ya hamsini na nane, akaambiwa tunaanza upya.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1991, na wifi yangu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1993, ambaye ni muuguzi, na kijana wa mwaka 1997, ambaye ni fundi bomba. Wifi alitutoka tarehe 2 Novemba 2019, na baada ya hapo kaka hakupokea kazi tena.

Katika studio aliacha kadi kumi na mbili za kamera, zile nene za kazi, si hizi za simu, kila moja ikiwa na kipande cha plasta nyeupe chenye tarehe, na moja ya mwaka 2010 imeandikwa kwa herufi kubwa USIFUTE. Kadi hizo zilisomwa na kompyuta yake ya zamani tu, nzito, yenye mdomo ubavuni ambamo kadi ilizama yote. Mwaka 2021, kwa mapenzi tu, nilimletea kompyuta mpya, nyembamba, na ile ya zamani, ambayo kwangu ilikuwa takataka, nikampa mpita njia anayekusanya vyuma chakavu. Kaka aliigeuza ile mpya pande zote, akaona vitundu viwili vidogo, akainua kadi moja, akaniuliza, "Sasa mdogo wangu, hii nitaichomeka wapi?" Hakunigombeza, akashukuru, akaitumia kusomea magazeti. Kamera yake ilikuwa imeshakufa mwaka mmoja kabla.

Mwezi Septemba 2022 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na tarehe 27 Mei 2024 akalazwa. Siku ya tatu wodini akaniambia anataka kuiona ile kadi ya USIFUTE, kwamba mama watoto yumo humo, nami nikamwahidi kwamba ataiona. Nilizunguka maduka yote ya kompyuta, nikapata kisomeo kimoja cha kadi chenye waya, nikakipeleka kitandani kwake pamoja na kompyuta yangu, taa ikawaka, na kompyuta ikaandika kwamba kadi haisomeki, je, niifute ili itumike. Mimi ni mtu wa kubonyeza ndiyo kwa kila kinachoulizwa, na kidole kilikuwa kimeshafika. Kaka, ambaye asubuhi hiyo alishindwa kushika kikombe, alinikamata mkono, akasema, "Usibonyeze kitu, itoe kwa utaratibu." Nikaitoa. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na moja, miezi miwili na siku mbili, na hakuiona.

Alhamisi, mhariri aliyefanya naye kazi miaka mingi alifika nyumbani na kamera ya aina ileile aliyoazima, akaiingiza kadi, akaunganisha kamera yenyewe na kompyuta yangu kwa waya mmoja, akasema, "Dada, kamera ndiyo kisomeo," na kadi ikafunguka. Tulikuwa wanne mezani, mimi, mhariri na watoto wawili wa kaka, tukisubiri wosia, au neno lolote. Tulimwona wifi kwenye kiti cha studio, akiwa na futi ya kupimia shingoni, na nyuma ya kamera ikasikika sauti ya kaka, ambaye hana hata picha moja ya video maishani mwake, ikisema, "Kimya kidogo, mama watoto." Wakakaa kimya. Tulisikia feni, tulisikia pumzi zao wawili, na hatukuthubutu kusogeza mbele. Mwishoni wifi akauliza, "Imeisha?" Kaka akajibu, "Bado." Hapo picha ikakatika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani walioacha milango yao wazi tangu Jumanne, wafanyakazi wenzake wa kituo cha televisheni, na mhariri, ambaye tayari ametunakilia kadi mara tatu. Watoto wamenituma niseme kwamba plasta ile haitabanduliwa.

Kaka, nilikuahidi nikachelewa, na hilo nitakaa nalo. Sasa naomba wote tusimame, tukupe dakika yako nzima, na safari hii atakayepiga chafya hatutamrudisha mwanzo. Pumzika kwa amani, kaka. Kimya kidogo, jamani.