Kiherehere cha Navalayo

Wiki ile bendera mpya ya uhuru ilipopandishwa, nilikuwa katika basi la kutoka Mumias kwenda Kakamega. Mbele yangu aliketi Navalayo, mjamzito, akielekea hospitali. Kila basi liliposimama kupakia ndizi, alichungulia dirishani na kufyonya.

Mzee Athumani, aliyeketi kando yake na kofia yake ya kiua, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, una kiherehere."

Tuligeuka sote. "Mimi? Kiherehere?" Navalayo akafoka. "Mimi nakaa kwangu, mzee. Mambo ya watu siingiliangi!" Nilikuwa upande wake. Kwetu neno hilo ni la mtu anayejipeleka asikoitwa.

"Sikukutukana. Kiherehere ni cha moyo. Ukingoja jambo huku unaliogopa, moyo husema here, here, here. Neno limetoka humo kifuani."

"Nani alikuambia?"

"Weka mkono usikie."

"Hilo ni neno la wambea," alishikilia Navalayo, lakini mkono aliuweka. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mtoto hajacheza tangu jana.

Mbele ya hospitali dereva alizima injini. Navalayo hakuinuka. Aliteremsha mkono kutoka kifuani hadi tumboni, akauacha hapo. Basi zima tukangoja naye.

"Amecheza," akanong'ona.

Mzee akafungua mdomo amalizie hoja yake. "Ngoja kwanza, mzee," nikamwambia. Nilikuwa nakisikiliza kifua changu.