Sabuni Nyeupe ya Wakati wa Karantini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mimi Mama Awuor, niliyenuka mafuta miaka yote ile mpaka watoto wa Kaloleni wakanijua kwa harufu kabla ya sura! Wenzangu waliotangulia kusimama hapa wametolewa kwenye chang'aa, wengine kwenye uchawi. Mimi Mungu alinitoa kwenye sufuria ya sabuni. Msicheke bado.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mume wangu alikuwa amesimamishwa kazi kule gatini, nyumba ikawa kavu, ndipo nikaanza kupika sabuni. Mafuta ya ng'ombe niliyapata kwa wauza nyama sokoni, yale wanayoyakata na kuyaweka kando. Nayayeyusha, nayachuja kwa kitambaa. Jivu naliweka kwenye debe lililotobolewa chini, namwagia maji, na yale maji mekundu yanayodondoka ndiyo makali yenyewe. Unachovya unyoya wa kuku; ukinyonyoka ukabaki kijiti, maji yako tayari. Basi unachemsha vyote pamoja toka asubuhi hadi mchana, unakoroga mpaka bega linalia, na mwisho unatia chumvi ili sabuni ipande juu igande. Ilikuwa ya rangi ya udongo, haina sura kabisa, lakini uchafu iliutoa!

Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa Mama Zuhura, Mwislamu, mcha Mungu kweli. Yeye ndiye aliyenunua kipande changu cha kwanza. Aliniuliza swali moja tu: "Mama Awuor, ni ya ng'ombe?" Nikamwambia, "Ya ng'ombe tu, na aliyemchinja ni Mwislamu mwenzako." Akaridhika. Hakuniuliza tena, na Waislamu wote wa mtaa wakawa wananunua kwangu kwa sababu ya neno lake.

Kisha ikaja karantini. Ng'ombe walishikwa na ugonjwa wa miguu na midomo, kichinjio kikafungwa, nikakaa wiki mbili sina mafuta. Mzee mmoja wa Nyamasaria aliyefuga nguruwe akaniambia, mama, njoo uchukue mafuta, mimi natupa. Nikaenda. Nilienda na debe nimelifunika kwa leso, ndugu zangu! Debe lilikuwa tupu bado, na mimi tayari nalifunika.

Shetani naye ana mzaha. Sabuni ile ikatoka nyeupe, ngumu, ina povu la kupendeza. Mama Zuhura akasimama mlangoni pangu akasema, "Sasa umeiva, Mama Awuor! Hii ni ya kuogea kabisa." Nikamwambia asante. Asante! Nilipomweleza mume wangu, akasema, "Min Awuor, nyamaza. Mafuta yakishakuwa sabuni hayana jina tena." Nikanyamaza. Karantini ikaisha, ng'ombe wakarudi, na mimi bado naenda Nyamasaria, kwa sababu sasa watu walitaka ile nyeupe.

Lakini moyo! Nilikuwa naimba kwaya, sauti inatoka, ndani nimekauka. Adhana ikilia, namsikia Mama Zuhura upande wa pili wa ukuta akijimwagia maji, nasikia kipande cha sabuni kikigonga karai, na ni mimi peke yangu nijuaye anaoga na nini. Nikaacha kushuhudia. Chakula kikanikwama. Nikakonda mpaka watu wa nyumbani wakasema nimerogwa, na mimi nikaona heri wafikiri hivyo.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi kilio kilianzia nyumba ya pili. Mama mzazi wa Mama Zuhura, bibi kizee aliyeniita binti yake, alifariki alfajiri, na mazishi yalitakiwa kufanyika siku hiyohiyo. Jua limechomoza tu, Mama Zuhura yuko mlangoni pangu, macho mekundu, amenyoosha mkono. "Nipe vipande viwili vile vyeupe. Wanawake wa kumwosha mama wamefika."

Vilikuwa pale dirishani. Nilivichukua. Nawaambia kweli, nilivichukua! Lakini mkono ukakataa kunyooka. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mama Zuhura, usimwoshe mama na hii. Ni mafuta ya nguruwe."

Hakupiga kelele. Heri angepiga! Aliuliza, "Tangu lini?" Nikamwambia tangu karantini. Nikakimbilia uvunguni mwa kitanda, nikatoa kipande kimoja cha zamani, cha rangi ya udongo. "Chukua hiki, hiki ni cha ng'ombe." Akakitazama, akanitazama mimi.

"Sasa nitajuaje, Mama Awuor?"

Akaenda dukani, na maiti ya mama yake inamngoja. Neno lile lilinichapa kuliko matusi.

Siku ya nne nilitoka nje nikakuta wametoa kila kitu: leso, kanzu, shuka, mikeka ya kuswalia, hata vikombe. Wanawake wa nyumba ile wanafua na kuosha upya pale mferejini. Nikashika ndoo niwasaidie, na Zuhura, binti mkubwa, akaitoa mkononi mwangu polepole bila kunitazama. Nikarudi ndani. Nikaimwaga sabuni nyeupe yote chooni, kisha nikapita mlango kwa mlango kuwaambia walionunua, Waislamu na hata Wakristo wasiogusa nguruwe. Mama mmoja alinimwagia maji ya kufulia miguuni. Mwingine alicheka mpaka akakaa chini. Mume wangu akasema nimetuua kwa njaa. Lakini siku ile, ndugu zangu, nilikula ugali nikamaliza! Aibu nilikuwa nayo, ndiyo, ila aibu ya wazi ni nyepesi kuibeba.

Ikapita arobaini. Mchana mmoja Mama Zuhura akaja na karai, ndani mna mafuta ya ng'ombe aliyechinjwa kwa arobaini ya mama yake. Akaliweka chini mbele yangu. "Nipikie."

Nililia. Nikamvutia kiti karibu na moto, nikamwomba akae aangalie mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Akakataa. "Kama ni lazima nikuchunge, sihitaji sabuni yako." Akaingia kwake.

Wuololo, Mungu wangu! Nilipika siku ile mlango wazi, dirisha wazi, naimba, na safari hii hata ndani nilikuwa naimba. Ikatoka vilevile, rangi ya udongo, haina sura. Ilipokauka nikampelekea. Akaniuliza swali lile la kwanza: "Ni ya ng'ombe?" Nikasema, "Ni ya ng'ombe." Basi. Akanawa nayo mikono mbele yangu, akanipa na mimi kipande kilekile, tukanawa katika karai moja.

Namshukuru Mungu aliyeukataza mkono wangu kunyooka. Na wewe ndugu yangu, kama leo umekaa hapa na debe lako limefunikwa kwa leso, usingoje kilio cha jirani. Mtumaini huyu Bwana, ufunue. Yeye kilichomo anakijua toka ulipokuwa njiani kwenda kukichukua, na bado anakuita mwanangu.